Namna ya kuwafundisha wanafunzi kueleza hisia na kujenga uhusiano wenye heshima

Mwalimu anayefundisha stadi za maisha kidato cha pili mara nyingi huanza na makatazo: msiwe na wapenzi, msipokee zawadi. Makatazo hayo yana sababu zake, lakini hayamwoneshi kijana jinsi ya kusema yaliyo moyoni, na asiyeweza kuyasema hupata shida kukataa jambo na hata kuomba radhi. Kwa hiyo anza na hisia, tena katika urafiki wa kawaida, kabla hujagusa mapenzi.

Waombe wanafunzi wataje hisia walizopata juma hilo, uziandike ubaoni. Wakiishia kwenye furaha na hasira, waongezee aibu, wivu, kinyongo na upweke. Kisha wape tukio wanalolijua: mwanafunzi amekosea kusoma kwa sauti, rafiki yake akamcheka, naye akanuna kutwa nzima. Je, ile ilikuwa hasira au aibu? Wawili wawili waigize mazungumzo yao, mmoja akisema, "Uliponicheka niliona aibu mbele ya wenzetu, naomba usirudie," na mwenzake asikilize mpaka mwisho ndipo ajibu. Wabadilishane nafasi. Zoezi hili lipewe muda hata likimaliza kipindi kizima, na wavulana wasiachwe pembeni kwa madai kwamba mwanaume halii, maana wao ndio waliozoeshwa kunyamaza tangu utotoni.

Kwa mada ya mapenzi, weka sanduku la maswali yasiyo na majina. Jadilini kisa cha kijana anayemtaka mwenzake ampe neno la siri la simu, akidai kwamba wivu ni dalili ya upendo. Waulize anayeombwa anaogopa nini akikataa, kwani jibu la swali hilo ndilo litakalowaonesha kama kuna heshima kati yao. Wajizoeze kukataa kwa sentensi fupi isiyo na matusi wala visingizio.

Usimwahidi mwanafunzi kwamba utatunza kila siri. Akikueleza kuwa anadhuriwa, msikilize faraghani bila kumlaumu, umweleze ni nani lazima ajulishwe, kisha umshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha. Nchini Tanzania ipo pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo; iandike ubaoni tangu kipindi cha kwanza, uwape muda wa kuinakili.