Anza kuchora na sufuria ya ugali

Watu wakinunua penseli wanakimbilia simba ama sura ya mtu, alafu wiki mbili wamechoka. Mi nakuambia chora sufuria, ile ile ya ugali, imebonyea na kitako kimeshika masizi.

Usiisugue kwanza. Iweke kwa stuli karibu na mlango, zima stima, mwangaza uingie upande mmoja tu. Hapa Kisumu napenda saa kumi na moja jioni, jua liko chini linapiga bati kwa ubavu. Kaa dakika tano bila kuchora kitu, angalia tu.

Wengi hukwama kwa mdomo wa sufuria. Kichwa kinajua mdomo ni duara so mkono unachora duara, lakini jicho linaona duara limelaliwa, na vile unashusha sufuria ndio linafunguka, ukiipandisha mpaka mdomo uwe usawa wa macho linabaki mstari tu. Kwa hivyo ukiwa unaiangalia kutoka juu kitako lazima kijipinde kuliko mdomo, usikinyooshe. Na sufuria zetu hazina mikono, ziko na ule ukingo bapa, uangalie vizuri: kushoto na kulia ni mpana, mbele na nyuma mwembamba.

Mistari tumia penseli ya HB, masizi tumia 4B ama 6B, zile laini za kutoa weusi zaidi, pole pole, tabaka juu ya tabaka.

Sasa kibonyeo. Tafadhali usikirekebishe, hapo ndio utamu wote uko. Mwangaza ukitoka kushoto tumbo la sufuria linang'aa kushoto, lakini ndani ya kibonyeo mng'aro unahamia kulia, na siku nilipoiona hiyo mara ya kwanza nilisahau hadi chai kwa moto.

Usiogope kurudia kitu kimoja. Giorgio Morandi (1890–1964), wa Bologna kule Italia, alichora chupa na makopo yale yale miaka na miaka, anazisogeza kidogo tu anaanza tena.

Sufuria yetu ilianguka kwa mkokoteni tukihama mtaa wa Nyalenda. Nilipomwonyesha mama mchoro hakusema ni mzuri ama mbaya, aliweka kidole pale kwa kibonyeo akaniuliza, "Si hii ni ile ya mkokoteni?"