Unataka masta ya uchumi na uko Mwanza? Anza na hesabu, halafu shuka mwaloni

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa ni "kaka, chuo gani kizuri kwa masta ya uchumi?" Mi nawajibu chuo tutakiongelea, kwanza niambie kama unaweza kukaa na kalamu na karatasi tupu ukafanya difrensiesheni ya fankisheni yenye vitu viwili, ukatafuta inverse ya matriksi ya tatu kwa tatu, ukaeleza variance ni nini bila kufungua desa. Kama huwezi usiogope, ila usilipe ada bado, jipe miezi mitatu kabla ya kufungua chuo na kila siku lisaa limoja na nusu la hesabu tu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nimefundisha sekondari miaka minne baada ya digrii ya kwanza, nikaingia darasani nikijua uchumi ni maelezo na grafu mbili tatu, muhula wa kwanza nikala sap, yaani mtihani wa marudio, ya maikro. Notisi nilizisoma zote na nilizielewa kabisa, lakini maswali sikuwahi kuyafanya kwa mkono wangu, na kuelewa hesabu aliyofanya mwingine na kuifanya mwenyewe ni vitu viwili tofauti jamani. Kwa hiyo ukipiga msuli funika jibu, fanya mpaka ukwame, kaa hapo ulipokwama dakika ishirini ndo ufunue.

Na ukishajifunza kitu kipeleke mtaani ukione kinafanyaje kazi. Chukua Lagrange, ile njia ya kutafuta kiasi kikubwa zaidi ukiwa na kikomo, ambayo watu wanaikariri tu. Mama mmoja anauza dagaa, mtaji wake ni shilingi 200,000, anataka faida kubwa iwezekanavyo kwa mtaji huo. Unaandika tatizo lake, unapata lambda, tuseme 0.15. Maana yake shilingi moja ya ziada kwenye mtaji inamuongezea faida ya kama senti 15 kwa mzunguko mmoja. Sasa akija mtu wa kumkopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mzunguko huohuo, akope, ila akope kidogo kidogo kwa sababu lambda inashuka mtaji ukiongezeka, na wa asilimia 20 amwambie asante. Ukiielewa hivyo hauisahau hata wakikuamsha usiku wa manane.

Kuhusu chuo nitakwenda haraka. Angalia GPA wanayotaka, vyuo vingi vinaanzia 2.7 kwa ule mfumo wetu wa 5, ila kuna programu zinataka zaidi, halafu angalia kama kozi ina ekonometriksi (kupima mambo ya uchumi kwa data) ya kutosha na kama mwisho kuna disatesheni. UDSM wamo kwenye programu ya pamoja ya AERC (African Economic Research Consortium), wale wa Nairobi, iliyoanza 1993, ambapo wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali wanakutana sehemu moja kusoma masomo ya kuchagua. Mtu anayetaka PhD baadaye mi ningemwambia aifikirie hiyo kwanza. Anayesoma huku anafanya kazi aulize mapema vipindi ni saa ngapi, maana jioni ukitoka Igoma ukakutana na foleni unafika mwalimu ameshafuta ubao mara mbili.

Tafuteni watu watatu au wanne wa diskasheni, wasizidi hapo. Kila mmoja aje ameshajaribu maswali nyumbani na akipanda ubaoni aeleze kila mstari umetoka wapi.

Sasa ekonometriksi, hapa ndo naomba utulie na mimi, maana ndo roho ya masta yenyewe. Shuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, uandike bei ya dagaa na kiasi kilichouzwa kila siku, ukirudi ufanye regresheni ya kiasi juu ya bei, yaani upime kiasi kinabadilikaje bei ikibadilika. Utapata namba, lakini haina maana unayodhani. Siku bei imepanda inawezekana mzigo ni mdogo, au inawezekana wanunuzi wa mbali wamekuja na malori, yote mawili yamechanganyikana kwenye bei ileile na regresheni haijui kuyatenganisha. Unahitaji kitu kinachogusa mzigo bila kugusa hamu ya mnunuzi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, wanafuata giza, mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa na wengi wanapumzika. Mwezi hauna habari na mnunuzi anataka kula nini. Hiyo ndo instrumenti! Mchumi Kathryn Graddy alikusanya data kwenye soko la samaki la Fulton kule New York, na hali ya hewa baharini ikatumika kwa kazi hiyohiyo, sisi mwezi tunao bure kila siku 29 na nusu.

Ila msimamizi makini atakubana hapa. Dagaa wakavu wanahifadhika, na mfanyabiashara anajua mbalamwezi inakuja lini, kwa hiyo ananunua mapema anaweka stoo, na bei ya wakavu pale sokoni inaweza isitikisike sana. Dagaa wabichi pale mwaloni ndo watakuonyesha vizuri. Kwa hiyo kabla ya kwenda mbali angalia kwanza kama bei kweli inacheza na mwezi, isipocheza acha, usilazimishe.

Mada nyingine nzuri ipo mlangoni kwetu, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, Sengerema wakaacha kusubiri kivuko. Linganisha bei za Sengerema kabla na baada, na za sehemu ambayo bado inategemea kivuko kama Ukerewe, lakini hakikisha bei za pande mbili zilikuwa zinatembea pamoja kabla ya daraja. Kama hazikuwa, ulinganisho wako umekufa hapo hapo.

Data za kaya zipo bure, National Panel Survey ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) inafuatilia kaya tangu 2008/09, pakua usiku kwa bando la usiku maana mafaili ni mazito. Huna hela ya Stata, ile programu ya takwimu, tumia R, haiuzwi.

Kwa supavaiza usiandike "Doctor naomba maoni", hapo unampa kazi ya kutafuta tatizo lako. Andika hivi: "Shikamoo Doctor. Nimetumia mwezi kama instrumenti ya bei ya dagaa wabichi, hatua ya kwanza F ni 6, naona ni dhaifu. Nibaki na dagaa wabichi niongeze siku, au nibadili soko? Nimeambatanisha kurasa mbili." F hapo ni kipimo cha nguvu ya mwezi kwenye bei. Hilo swali linajibika hata akiwa safarini.

Na daftari lianze leo, usingoje propozali ipite. Chora safu tano: tarehe, giza au mbalamwezi, bei ya ndoo ya dagaa wabichi, ndoo ngapi zimeshuka, na malori mangapi yamepaki. Nenda saa ileile kila asubuhi, muulize mtu yuleyule, msalimie kwanza, na nunua hata wa elfu mbili maana unamchelewesha kazini.