Ukizunguka jiji la pwani peke yako, anza na ratiba ya maji

Jamani kama unaenda kutembea solo kwenye jiji kubwa la pwani, kabla hujajaza listi ya vivutio angalia kwanza maji yanakupwa saa ngapi na kujaa saa ngapi. Sehemu nyingi yanajaa mara 2 kwa siku, toka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa 6 hivi, na kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50, yaani ule ufuo uliotembea raha mustarehe leo, wiki ijayo saa hiyohiyo unakuta maji yamefika ukutani. Na ukiwa mwenyewe hakuna wa kukushtua kwamba huku nyuma njia imeshafunikwa, hili nalisema kwa uzito kabisa.

Ukishajua hilo siku inajipanga yenyewe. Maji yakiwa chini nenda ufukweni, yakijaa ingia mjini, na chagua mtaa mmoja tu utembee kwa miguu badala ya kukimbizana jiji zima na kuishia kwenye foleni. Makumbusho weka mchana jua likiwa kali, ila hakikisha siku hiyo wako wazi, nyingi zinafunga Jumatatu.

Ramani pakua mapema ukiwa na waifai, itafanya kazi hata bando likiisha. Halafu mtumie mtu wa nyumbani mpango wako wa siku, meseji moja tu asubuhi.