Jinsi ya kuchora historia ya mtaa wenu ukutani, na msiishie kwenye twiga na mikono iliyoshikana

Watu wakisikia mchoro wa mtaa wanawaza rangi kwanza. Wanachanga, wananunua ndoo mbili, wanamleta dogo mmoja mwenye kipaji, jioni ukuta una twiga, Mlima Kilimanjaro, mikono miwili imeshikana na maneno UMOJA NI NGUVU. Sio dhambi, ila mchoro huo ukiupeleka Songea au Tanga hakuna atakayejua umetoka Magomeni. Sasa kama mnataka mchoro unaobeba kumbukumbu za mtaa wenu wenyewe, kazi kubwa iko kabla hamjafungua ndoo. Ntaongelea Dar maana ndo napopajua, hasa upande huu wa Magomeni, Manzese na Tandale, we wa kwingine badilisha majina.

Sheria ninayoishikilia mimi ni moja tu, kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukinyooshea kidole akasema "kilikuwa pale" hakipandi ukutani.

Anzeni na kuuliza watu. Wengi wanaenda kijiwe cha kahawa, wanakaa na wazee wanaocheza drafti, wanarekodi kwenye simu wanaona wamemaliza. Hapo umepata mtaa wa wanaume tu. Nenda na uani, nenda kwenye kikao cha vikoba, nenda saluni kwa wasusi, maana aliyekuwa anapanga foleni ya maji alfajiri sio huyo mzee wa drafti. Na usiulize "tuelezeni historia ya mtaa" kwa sababu watakupa hotuba, wataanza na TANU na Mwalimu, na nyumba aliyokaa Mwalimu hapa Magomeni ni makumbusho tayari, hiyo historia ina pa kulala. Uliza vitu vidogo: mlikuwa mnachota maji wapi, mti gani ulikatwa na nani aliukata, ngoma zilikuwa zinapigwa wapi, mafuriko yalifika kimo gani, nani alikuwa na TV ya kwanza na mlikuwa mnaingia kwa sh ngapi. Hilo la TV linafanya kazi sana, maana huku Bara vituo vya TV vimeanza 1994, kwahiyo hata mtu wa miaka 40 na kitu anaikumbuka hiyo sebule na anamkumbuka aliyekuwa anafukuza watoto mlangoni.

Alafu tafuteni ramani. Dar tuna bahati hapo, Tandale ilichorwa na wanafunzi na wakazi tangu 2011 na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukachora kata nyingi sana kwa ajili ya mafuriko, na ramani zenyewe ziko OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, bure kabisa. Mnachapisha karatasi kubwa, mnaitandika kwenye meza, mnawapa watu vizibo vya soda kama vya drafti, kila mtu anaweka kizibo mahali pa kitu anachokikumbuka na anasema ni nini, mwingine anaandika. Ugomvi utatokea na ndo mnachokitaka. Niliwahi kukaa meza moja ya hivyo, wazee wawili wanabishana bomba la mtaa lilikuwa kona ipi, mmoja anasema karibu na msikiti mwingine anasema kwenye mwembe, wamepandisha sauti, akaja mama mmoja hata hajakaa, akasema twendeni. Akatupeleka hadi kwenye banda la chipsi, akamwambia yule kijana "baba, sogeza hilo jiko kidogo," chini yake kuna duara la zege limemeguka na kipande cha bomba kimekatwa kikazibwa kwa udongo. Wazee kimya. Kitu cha hivyo ndo kinapanda ukutani, na banda la chipsi juu yake linachorwa pia. Mkishindwa kukubaliana kabisa msipige kura, choreni matoleo yote mawili, wapita njia watamalizia ubishi wenyewe.

Sura za watu uwe makini. Mtu aliyefariki usimchore bila familia kukubali, na kuna familia hazitaki kabisa sura ya marehemu wao ukutani kwa sababu za dini, heshimu. Choreni kitu chake, cherehani, baiskeli yenye kikapu, birika la kahawa, mtaa mzima utamjua.

Kuhusu ukuta. Mnaanza kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, mnaongea na mwenyekiti na mtendaji, na mwenye nyumba anaandika karatasi anasaini. Nyumba ya urithi wasaini warithi wote, sio yule tu anayekusanya kodi. Na ukikuta ukuta una maandishi NYUMBA HII HAIUZWI pita tu jamani, mara nyingi hapo kuna ndugu hawaelewani, na mchoro wenu utakuja kutajwa kwenye baraza la ardhi. Kama ukuta uko hifadhi ya barabara ulizieni kabla TARURA au TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, msije kuchora wiki nzima alafu mkakuta X ya kubomolewa.

Na hiyo X tuiongelee kidogo. Dar hii kila mtu anajua X nyekundu ya rangi iliyopigwa haraka haraka inamaanisha nini, waulize wa Kimara waliobomolewa 2017 kupisha upanuzi wa Morogoro Road, waulize wa Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Wa Magomeni Kota kaya 644 zilitoka, nyumba zikavunjwa, maghorofa mapya yamekuja kufunguliwa na Rais Samia 2022, hapo katikati watu wamepanga kila kona ya mji na watoto wamezaliwa huko huko. Kwahiyo mtaa wenu ukiwa na tetesi za kubomolewa usichore moja kwa moja kwenye plasta. Chukueni hadibodi, zikateni vipande, mchore juu yake, mfunge ukutani kwa skrubu. Edward Tingatinga alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli miaka ya sitini mwishoni na kazi zake zimezunguka dunia, kwahiyo msidhani ni kitu cha chini. Siku buldoza likija mnafungua skrubu mnaondoka na mtaa wenu. Ila hadibodi haipendi mvua, pakeni rangi ya mafuta mbele, nyuma na hasa kwenye kingo.

Rangi zenyewe zina siasa kuliko mnavyofikiri. Kijani na njano zikikaa pamoja eneo kubwa watu wanaona chama au Yanga, mnaweza hata msijue mmekosea kwa yupi. Nyekundu na nyeupe ni Msimbazi, yaani Simba. Tafuteni rangi ya chini ambayo haina timu, rangi ya udongo, bluu iliyopauka ya milango ya zamani, krimu. Na mkipewa rangi za bure na kampuni ulizeni mapema nembo yao itakuwa na ukubwa gani, kama inazidi kiganja mimi nakataa, kuta za kampuni zipo za kutosha.

Kiufundi sasa, kwa kifupi. Ukuta mpya usubiri plasta ikauke kama wiki nne. Ukuta wa zamani kwangueni, piga msasa, osha, angalia pale chini usawa wa goti, chumvi ikiwa inatoka unga mweupe basi hapo rangi itavimba na kubanduka hata ungepaka ya ghali vipi, bora usanifu uanzie juu ya hapo na pale chini paacheni zege au mpake rangi moja ya giza. Ukuta wa mita 10 kwa 2.5 ni mita 25 za mraba, ukipaka mara mbili ni 50, lita moja kwenye plasta laini inafika mita 8 hadi 10, kwahiyo rangi ya chini ni lita 6 hivi, plasta ya chokochoko inakunywa zaidi ongeza. Msianze masika. Mchoro mdogo pigeni miraba kwa penseli, ukutani pigeni miraba mikubwa kwa uzi wenye chaki, kila mraba unahamishwa kivyake, hata asiyejua kuchora anasaidia. Maandishi mpeni fundi wa vibao, mmlipe, na yule dogo msanii mmlipe pia, "utapata jina" sio hela.

Mkitaka mchoro uonyeshe na kesho, sehemu hiyo ya mji tunaoutaka ndo inayoharibika kirahisi. Waambie watu wachore mtaa wa ndoto, nusu wanakuchorea Dubai, maghorofa ya vioo na treni ya juu. Kwahiyo badilisha swali. Mpeleke mtu kwenye kona ile ile aliyoikumbuka, mwambie ni saa 12 asubuhi miaka 20 ijayo, umesimama hapa, unaona nini, unasikia nini, mtoto anapita wapi kwenda shule. Hapo majibu yanashuka chini: mtaro uwe na mfuniko, taa iwake, kuwe na mti wa mkungu wa kivuli na benchi ambalo mwanamke anaweza kukaa bila kusumbuliwa, mama ntilie awe na sehemu yake asikimbizwe, mtu wa kiti cha magurudumu aweze kutoka getini, kiwanja cha mpira kirudi. Watoto waulizeni peke yao maana wakubwa wakiwepo wanajibu kama darasani. Na wenye bodaboda msiwasahau, wao wanaujua mtaa usiku wa manane.

Msitenganishe ukuta mara mbili zamani kushoto na kesho kulia, inachosha. Fuateni kona kwa kona: bomba la zamani, banda la chipsi la leo, na hapo hapo mtaro uliofunikwa wanaoutaka, vyote mahali pamoja. Mwenyekiti wa mtaa akipita anajua kabisa ni mtaro upi anaambiwa.

Mkimaliza, mabaki ya rangi mwekeeni mjumbe kwenye makopo yaliyofungwa vizuri na yameandikwa kila moja ni ya wapi, na mpangane nani atapita baada ya kila masika kurudishia palipobanduka. Acheni pia kama mita moja tupu mwishoni, kwa wale watakaokuja kusema mmesahau kitu, maana watakuja, na wa kwanza atafika kabla rangi haijakauka.