Kukinga mahindi na upepo mkavu: mkanda wa miti, mbaazi na kunde

Nimeandika haya baada ya kumsaidia jirani kupanga shamba lake. Yanafaa Singida, Dodoma na kwingineko kwenye msimu mmoja wa mvua na upepo usiochoka.

Hatua ya 1: Jua upepo unakotoka
Funga utepe kwenye mti mrefu katikati ya shamba, uuangalie asubuhi na alasiri. Ukitoka mashariki, mkanda wa miti uende kaskazini hadi kusini.

Hatua ya 2: Chagua miti
Mjohoro au mwarobaini. Mkaratusi usinitajie: unakua haraka kwa kunywa maji unayotaka yabaki kwa mahindi.

Hatua ya 3: Acha mkanda upitishe hewa
Hapa ndipo kazi huharibika. Wengi hutaka miti ibanane kama ukuta. Upepo ukigonga ukuta huruka juu, kisha hushuka nyuma yake kwa vurugu na kuyalaza mahindi. Karibu nusu ya mkanda iwe uwazi. Ukisimama mbali, uone mwanga kati ya majani. Mkanda wa hivyo hutuliza upepo vizuri hadi umbali wa takriban mara 10 ya kimo cha miti, baada ya hapo nafuu hufifia. Miti ya mita 6 inakupa kama mita 60, kwa hiyo shamba pana linataka mkanda wa pili.

Matawi ya chini usiyamalize kwa kuni. Ukiyafyeka, upepo hupenya chini kwa kasi, palepale kwenye kimo cha mahindi. Kama yameshakatwa, panda mbaazi mistari miwili chini ya miti. Njia ya mkokoteni nayo ikate mkanda kwa mshazari, la sivyo itakuwa mdomo wa upepo. Na upepo huzunguka ncha, basi mkanda uwe mrefu kupita eneo unalolikinga. Wa Njombe na Makete wawe na tahadhari zaidi: kwenye mteremko, mkanda mzito hutuamisha baridi ya usiku upande wa juu, na mimea huungua.

Hatua ya 4: Changanya mazao
Mbaazi ipandwe pamoja na mahindi. Huanza taratibu, haigombani nayo, na mahindi yakishavunwa hubaki imesimama ikivunja upepo wa kiangazi. Kunde zifuate baada ya palizi ya kwanza. Zikitanda, udongo hauchomwi na jua la mchana na unyevu hukawia kupotea. Usizibananishe, maana majani yasiyokauka huleta ukungu.

Hatua ya 5: Mizizi na mbuzi
Mahindi yaliyo jirani na miti hudumaa. Kabla ya kila msimu chimba mtaro wa nusu mita upande wa shamba, ukate mizizi. Miche izungushie miiba kabla mifugo haijaachiwa mabua.