Jiko la kuni la kupasha joto kinyumba cha mbao: anza na bomba, jiko baadaye

Nina kinyumba cha mbao shambani huku Njombe, chumba kimoja kama mita 4 kwa 5, umeme wa gridi haujafika, taa na simu ni sola. Wanaokaa Dar wakisikia neno baridi wanafikiria ile ya AC ofisini, sasa njoo huku mwezi wa sita au wa saba, uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na ukipanda upande wa Makete na Kitulo unakuta sakitu nyeupe imelala juu ya majani. Na hiyo sola usiitegemee kwa hita, hita moja tu inakula wati 1,500 au 2,000, betri inaisha hujapata hata usingizi. Kwa hiyo ni kuni tu, na kuni huku zipo.

Jambo la kwanza kabisa, na hili naomba umwambie na mwenzio: jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Ile hewa yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, unasikia kichwa kinauma kidogo na usingizi mzito halafu basi, wapo waliofunga madirisha wakalala na hawakuamka. Ninachosema hapa ni jiko la kuni lililofungwa pande zote, lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje, na hata hilo likiwepo acha tundu la hewa ukutani karibu na jiko, kwa sababu moto unavuta hewa ya chumba na ukiziba kila upenyo moshi unarudi ndani.

Haya, ukubwa. Hapa ndo wengi tunakosea, na mimi nilikosea. Jiko langu la kwanza fundi alinichongea kutoka kwenye pipa la lita 200, nikaona aah hili litapasha mpaka nje. Likiwaka vizuri chumba kinakuwa tanuri, unafungua mlango usiku wa baridi, ukiona hivyo unaanza kulikaba hewa ili litulie, na moto uliokabwa hauungui, unafuka tu, ule moshi mzito unapanda kwenye bomba unapoa unageuka lami nyeusi inayonata ukutani mwa bomba. Siku lami hiyo ikishika moto bomba linanguruma kama gari kubwa linapanda mlima, na nyumba ni ya mbao. Chumba cha mita za mraba 20 kinatosha na kilowati 3 au 4. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilowati-saa 4, na jiko zuri linakupa zaidi ya nusu ya hizo, yaani ukiunguza kilo moja na nusu kwa saa umefika. Kwa hiyo tumbo la jiko sentimita 35 urefu, 25 upana na 25 au 30 kwenda juu linatosha sana, jiko dogo linalowaka kwa nguvu lina joto na halina lami.

Pipa pia ni jembamba, kama milimita moja hivi, langu lilianza kupinda ubavuni halafu likatoboka. Mwambie fundi wa kuchomelea atumie pleti ya milimita 4 au 5, ndani apange matofali ya kuchoma, mlango ukae sawasawa bila kuchungulia mwanga, na matundu ya hewa yawe chini na mengine juu ya usawa wa moto, yale ya juu ndo yanaunguza moshi kabla haujatoka. Akikwambia atatumia mtungi wa gesi wa zamani, usikubali aukate kabla hajautoa valvu na kuujaza maji mpaka juu, gesi iliyobaki inalipuka. Majiko ya chuma cha kumimina ni mazuri, yanashika joto muda mrefu, ila ni mazito na ukimwagia maji baridi yakiwa moto yanapasuka.

Sasa bomba, na kwangu hili ni muhimu kuliko jiko lenyewe. Bomba ndo linalovuta, na huku juu hewa ni nyepesi, mvuto unapungua, kwa hiyo usifanye bomba fupi: kutoka juu ya jiko mpaka mwisho iwe mita 4 na nusu, lipite ndani ya nyumba limenyooka bila kona (kule nje ukutani linapoa na kuganda lami), na juu lipite kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi. Upana inchi 5, na lisipungue pale lilipotokea kwenye jiko. Usitumie bati jeupe lenye zinki karibu na jiko, likishika moto sana linatoa mvuke wenye sumu, tumia chuma cheusi cha milimita 2.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho fundi hakukijua na mimi sikukijua. Vipande vya bomba vina upande mwembamba na upande mpana, upande mwembamba uelekee CHINI, uingie ndani ya kile cha chini yake. Kwangu vilifungwa kinyume, basi usiku mmoja nasikia tss, tss, nawasha tochi naona tone jeusi linatoka kwenye kiungo, linateleza kwa nje ya bomba mpaka juu ya jiko linachemka, na harufu yake haikutoka kwenye blanketi wiki nzima. Vikikaa sawa, lami yoyote inateremkia ndani na kurudi motoni.

Umbali: jiko la kuchomelewa liwe sentimita 90 toka ukuta wa mbao, bomba tupu 45. Chumba kidogo huwezi kupata 90, basi funga bati mbele ya ukuta ukiacha nafasi ya sentimita 2 na nusu nyuma yake hewa ipite toka chini hadi juu, hapo unaweza kusogeza jiko. Bati lililobanwa moja kwa moja kwenye mbao halisaidii kitu, joto linapita vilevile. Bomba linapopita darini toa mbao zote kuzunguka, weka bati. Chini ya jiko matofali, yatokeze mbele sentimita 45, makaa yanaruka.

Kuni: miti ya miwati ni nzuri sana, mlingoti (mkaratusi) pia, paina ni ya kuwashia. Ila zipasuliwe, zikae chini ya paa miezi 6 hadi 12. Gonga mbili, zikilia kwa sauti kali zimekauka, zikilia bubu bado.

Kabla hujalifunga ndani, liwashe mara ya kwanza nje, rangi na mafuta ya chuma yaungue huko. Na majivu usitoe yote, acha kidogo chini, unayoyatoa yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, kaa linaweza kuishi humo siku tatu.