Jinsi ya kulinganisha sheria za madawa nchi na nchi, tuanze na bunda moja la mirungi

Wengi wakitaka kulinganisha sheria za madawa wanakimbilia "wapi wananyonga, wapi faini tu", hapo lazima upotee maana adhabu ndo kitu cha mwisho kuangalia. Chukua kitu kimoja, mfano mirungi, ukipitishe kila nchi kwa maswali yaleyale.

Kwanza, sheria imetaja nini hasa, mmea au kemikali? Hapa ndo penye utamu. Mkataba wa UN wa 1971 umeorodhesha kathinoni na kathini, kemikali zilizomo kwenye jani, ila mmea wenyewe haumo, kwa hiyo kila nchi ikaamua kivyake. Kenya mirungi, wao wanaita miraa, ni zao halali, nenda Meru uone inavyouzwa mchana kweupe. Vuka Namanga uingie Tanzania, bunda lilelile linahesabika dawa ya kulevya, ukihukumiwa kwa kusafirisha unaongelea miaka 30 au maisha. Uingereza ilikua ruksa mpaka Juni 2014. Marekani wao wameiweka kathinoni daraja la kwanza, lile kali kuliko yote, sasa jani likikauka kathinoni inapungua inageuka kathini, na hiyo iko daraja la nne, jepesi zaidi, ndo maana mawakili kule wanaweza kubishania ubichi wa majani (kazi kweli).

Pili, kosa lenyewe ni lipi. Kutumia, kukutwa nayo, kuuza na kusafirisha ni vitu tofauti, usichukue kukutwa nayo ya nchi moja ukaweka pembeni ya kuuza ya nchi nyingine. Kwa mirungi Uingereza, mtu mzima akikutwa na ya kutafuna mwenyewe mara ya kwanza kwa kawaida ni onyo, ya pili faini ya pauni 60, ila muuzaji anaweza kula mpaka miaka 14, kwa hiyo ukisoma sehemu moja "onyo tu" na nyingine "miaka 14" wote wako sahihi.

Tatu ni uzito, na nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Mirungi haitoshi hapa, chukua bangi gramu 20: Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kutembea na mpaka gramu 25, Singapore ikizidi gramu 15 sheria inakuchukulia ni msafirishaji mpaka wewe uthibitishe sio, na ukihukumiwa kusafirisha zaidi ya gramu 500 kwa kawaida ni kifo. Alafu Singapore raia wake akivutia nje akirudi bado ana kesi.

Na wale wanaosema Ureno imehalalisha madawa, jamani haijahalalisha! Tangu 2001 kukutwa na kiasi cha matumizi ya siku 10 sio jinai, ila wanakunyang'anya na unapelekwa mbele ya kamati.

Ukisoma sheria cheki tarehe. Uganda mahakama ya katiba iliifuta sheria ya madawa Mei 2023 sababu ilipitishwa bila akidi (idadi ya wabunge inayotakiwa) bungeni, baadae ikaja mpya na mirungi imo, so makala ya katikati ya 2023 inakudanganya bila kukusudia.

Fanya hivyohivyo kwa dawa za hospitali. Tramadol (dawa ya maumivu), hata kama umeandikiwa na daktari, kule Imarati (Falme za Kiarabu) inadhibitiwa, omba kibali cha mamlaka yao mtandaoni kabla ya safari, ubebe na cheti cha daktari, dawa ibaki kwenye boksi lake.